Angekuwepo Mzee Wangu: Siku Zetu na Namba 61,741,120



Ukiwa mkoani Pwani ukasema unakwenda Gwata, utaulizwa kwanza: Gwata ipi? Iko ya Kibaha na iko ya Kisarawe. Likizo ya mwaka 2023 sisi mafrateri wanne tulitumwa huko kwa kazi ya kichungaji. Wawili tukaangukia Gwata ya kwanza, wawili ya pili, na kuanzia hapo hata salamu zetu zikawa zinapishana njiani. Kijana wa bodaboda aliyetubeba kutoka Mlandizi alitucheka. "Mafrateri, jina ni moja lakini watu ni wengine," alisema. Tulikuja kuikumbuka kauli hiyo baadaye, kwa sababu kazi tuliyotumwa ilikuwa ya kuhesabu.

Maparoko walitaka madaftari ya waamini yaandikwe upya, nyumba kwa nyumba: nani yupo, nani kahama, nani kabatizwa, nani katutangulia mbele ya haki. Ni kazi inayochosha miguu kuliko kichwa. Unasalimia, unapewa kigoda, unauliza, unaandika, unapewa muhogo, unaaga.

Katika Gwata ya Kibaha tulifika kwa mama mmoja mzee ambaye kigango kizima humwita Bibi. Tukamuuliza wanaishi wangapi hapo nyumbani. Akajibu: wanne. Sisi tuliwaona watatu: yeye, binti yake na mjukuu. Binti akatuambia taratibu kwamba wa nne ni baba, naye alifariki siku ya Nane Nane, mwaka 2022.

Bibi hakubisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Makarani wa sensa walikuja na vishikwambi vyao siku kumi na tano baada ya msiba. Hebu niambieni ninyi mliosoma. Ile namba aliyoisoma Mama Samia kule Dodoma, mzee wangu angekuwepo, ingekuwa ileile?"

"Ingeongezeka moja, Bibi."

"Moja kwenye mamilioni," akasema. "Basi ingekuwa ileile."

Hakulisema kwa machozi. Alilisema kama mtu anayefunga duka jioni. Lakini sisi hatukulala vizuri. Tungeweza kumjibu kwa mahubiri, maana maneno ya kumfariji mjane tunayo, na mengine tumeyakariri. Ila Bibi hakuomba kufarijiwa. Aliuliza swali la hesabu, tena swali zuri: kwenye wingi mkubwa kiasi hicho, akiongezeka mtu mmoja, ni nini hasa kinachobadilika? Tukakubaliana kwamba swali la hesabu litajibiwa kwa hesabu.

Namba yenyewe inajulikana. Sensa ya Watu na Makazi ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, ikihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Oktoba 2022: Watanzania 61,741,120. Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Ukiisoma kwa sauti kama wazee wanavyosoma, ni milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Tulipomsomea Bibi kwa namna hiyo, akasema hilo la laki ndilo analolielewa, kwa sababu ng'ombe huuzwa kwa laki.

Simu zetu zingeweza kuichambua namba hiyo kwa kufumba na kufumbua. Bibi alikataa. "Simu inasema tu, haionyeshi," alituambia. Basi tukatoa daftari lenye mistari, kalamu mbili, tukakaa chini ya mwembe wake kila jioni baada ya mizunguko. Wenzetu wa Kisarawe tuliwapigia simu na kuwagawia sehemu yao, tutaieleza.

Kuichambua namba maana yake ni kutafuta vigawo vyake, yaani namba zote zinazoigawa bila kubakisha kitu. Fikiria umewaita Watanzania wote uwanjani na unataka kuwapanga katika safu zilizo sawa. Safu za wawili wawili zinawezekana? Za watatu watatu? Za saba? Kila namba ya watu kwa safu inayokubali bila mtu kubaki pembeni ni kigawo.

Tulianza na mbili. Nusu ya 61,741,120 ni 30,870,560. Kwa hiyo wote wanapangika wawili wawili, na hakuna anayebaki. Namba ya namna hiyo huitwa shufwa. Inayobakisha mmoja huitwa witiri. Jirani wa Bibi, mzee wa Kiislamu aliyekuja kutazama mafrateri wanaandika nini, alifurahi kusikia neno hilo. Akatueleza kwamba yeye husali witiri kila usiku baada ya isha, na kwamba huitwa hivyo kwa sababu rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Sisi tulilisoma neno hilo darasa la tano bila kuambiwa lilikotoka.

Hapo Bibi akatusimamisha. Alitaka kujua sensa ya kabla yake, ya mwaka 2012, kwa kuwa mume wake alihesabiwa katika ile. Tuliikumbuka: 44,928,923. Inaishia na tatu, kwa hiyo ni witiri. Ukiwapanga wawili wawili unapata jozi 22,464,461 na mtu mmoja anabaki.

"Nani huyo aliyebaki?"

"Hesabu haisemi jina, Bibi. Yeyote kati yao."

Akatafakari. "Yaani mwaka ule mzee wangu yupo, kuna mmoja alikosa mwenzake. Na mwaka huu mwingine, mimi nimebaki peke yangu, namba inasema kila mtu ana mwenzake."

Hatukuwa na la kusema, na hadi leo hatuna. Tuliendelea kugawa.

Nusu ya nusu ni 15,435,280. Tena 7,717,640. Tena 3,858,820. Tena 1,929,410. Tena 964,705, na hapo nusu zikakoma kwa sababu tumefika kwenye witiri. Mara sita namba ilikubali kukatwa katikati. Kisha, kwa kuwa inaishia na tano, tukagawa kwa 5 tukapata 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo tatu haimo kabisa. Tukajaribu 7: ikakubali, ikaacha 27,563.

Kuanzia hapo kazi ikawa ngumu. Saba kwa mara ya pili ilikataa. 11 ikakataa, 13 ikakataa, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zikakataa. Namba tunazojaribu hapa ni zile zinazogawanyika kwa moja na kwa zenyewe tu, ambazo vitabu vyetu vya shule huziita namba tasa. Jina hilo, kwa maoni yetu, halikuchaguliwa kwa huruma. Mwanamke akiitwa tasa kijijini tunajua anavyotazamwa. Na hata kihesabu jina limekaa upande: namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote. Kila namba nzima kubwa kuliko moja ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa, tena kwa namna moja tu. Wawili wakiichambua namba ileile, mmoja Kibaha na mwingine Kisarawe, bila kuonana, watafika kwenye orodha ileile, ila labda wataipanga tofauti. Bibi alipoambiwa hivyo alisema basi hizo si tasa, hizo ni mabibi.

Hatukuwa na haja ya kujaribu bila mwisho. Kama 27,563 ina vigawo, kimojawapo lazima kisizidi 166, kwa sababu 166 mara 166 ni 27,556, na vigawo viwili vyote vikiwa vikubwa kuliko hapo zao lao litaipita namba. Tulijua basi kuwa mbaya kabisa tutafika 163. Tulifika 43. Arobaini na tatu ikaingia bila kubakisha, na jibu likawa 641.

Mmoja wetu alisimama. Bibi akadhani ameumwa na siafu.

641 ni namba tasa, na ni maarufu kwa wanaopenda mambo haya. Katika karne ya 17 mwanasheria mmoja Mfaransa, Pierre de Fermat, aliyefanya hesabu kama wengine wanavyovua samaki, aliamini kwamba amepata njia ya kupata namba tasa bila kikomo. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe mara kadhaa kwa utaratibu fulani, uongeze moja. Unapata 3, kisha 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa kweli. Inayofuata ni 2 iliyozidishwa mara 32, ukiongeza moja: 4,294,967,297. Fermat aliamini nayo ni tasa, lakini hakuwa na uthibitisho. Habari kama hizi zilisambaa Ulaya kwa barua, na mmoja wa waliozipokea na kuzipeleka kwa wengine alikuwa padre, Marin Mersenne, mtawa wa Paris ambaye jina lake limebaki kwenye aina nyingine ya namba tasa. (Kuna wakati paroko anayeuliza kwa nini mafrateri wanahangaika na hesabu anahitaji kukumbushwa habari za Padre Mersenne.) Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler, kijana aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba namba ile si tasa. Ni 641 mara 6,700,417. Na mpaka leo hakuna aliyepata namba nyingine tasa katika mfululizo wa Fermat zaidi ya zile tano za mwanzo.

641 hiyohiyo imo ndani ya idadi ya Watanzania. Tukaandika mstari mzima, tukaupigia boksi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Kutokana na mstari huo unaweza kujua vigawo vyote ni vingapi bila kuviorodhesha. Mbili inaweza kutumika mara sifuri hadi sita, hizo ni njia saba. Kila moja kati ya 5, 7, 43 na 641 inatumika au haitumiki, njia mbili kila moja. Saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 112. Kuna ukubwa wa safu 112 ambao Watanzania waliohesabiwa mwaka 2022 wangeweza kupangwa bila mtu hata mmoja kubaki pembeni, ukihesabu safu ya mtu mmoja mmoja na safu moja ndefu ya wote.

Kabla hatujafika kwenye jibu la Bibi, kuna jambo lililotuchelewesha jioni nzima, na tunaliandika kwa sababu tumeona wengi wakipotelea hapo. Tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. Mwalimu wa shule nchini India, D. R. Kaprekar wa Deolali, aligundua mwaka 1949 tabia ya ajabu ya 6174. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa. Rudia na jibu. Mwishowe utafika 6174, na ukifika hutoki, maana 7641 kutoa 1467 ni 6174 tena. Tukaujaribu mwaka wa sensa, 2022. 2220 kutoa 0222 ni 1998. 9981 kutoa 1899 ni 8082. 8820 kutoa 0288 ni 8532. 8532 kutoa 2358 ni 6174.

Mjukuu wa Bibi alipiga makofi. Yule kijana wa bodaboda, ambaye kwa sasa alikuwa haondoki mwembeni, aliuliza kama 6174 ni namba ya kuchezea bahati nasibu. Na kusema kweli, mtu mwenye kipaji cha kuhubiri angeweza kukusanya sadaka nyingi kwa ugunduzi huo: mwaka wa sensa unaongoza kwenye namba ya sensa!

Hauongozi popote. Kila namba ya tarakimu nne, isipokuwa zile za tarakimu moja iliyorudiwa kama 2222, inafika 6174, tena kwa hatua zisizozidi saba. Mwaka 2012 unafika, mwaka 1967 unafika, na mwaka uliozaliwa unafika. Zaidi ya hapo, 6174 hapa ni suala la maandishi. Tunaandika kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Watu wangeandika kwa makundi ya nane au ya kumi na mbili, tarakimu zingekuwa nyingine na 6174 isingeonekana. Lakini Watanzania bado wangepangika katika safu za 43 bila kubaki mtu. Vigawo ni vya namba yenyewe. Tarakimu ni nguo iliyovaa.

Ndugu zetu waseminari wataona tofauti hiyohiyo katika samaki 153 wa sura ya 21 ya Yohane. Mtakatifu Augustino aliona kwamba ukijumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi 17, unapata 153. Hilo ni la namba yenyewe: samaki hao unaweza kuwapanga chini mchangani katika umbo la pembetatu, mmoja juu, kumi na saba chini, na wakatosha. Wengine siku hizi hufurahia kwamba 1 × 1 × 1, na 5 × 5 × 5, na 3 × 3 × 3, ukizijumlisha unapata 153 vilevile. Ni kweli, na inapendeza. Ila hilo ni la tarakimu, na Mwinjili aliandika kwa Kigiriki, ambacho hakikuwa na tarakimu hizi zetu. Kutafuta siri yake humo ni kutafuta kwenye nguo ambayo namba hiyo haikuwa imevaa.

Sasa turudi kwa mzee. Angekuwepo usiku ule, na mengine yote yakabaki yalivyo, namba ingekuwa 61,741,121.

Warudishe watu uwanjani. Wamepangwa safu za saba saba, zimetimia. Anaingia mzee mmoja kutoka Gwata. Atakaa wapi? Safu zote zimejaa. Anabaki amesimama peke yake. Vunja safu, wapange upya arobaini na tatu tatu: zinatimia tena, na yeye anabaki tena. Wapange 641 kwa safu, anabaki. Wawili wawili, anabaki. Kati ya mipango 112 iliyokubali bila yeye, ni mmoja tu unaompokea, ule wa kila mtu kusimama safu yake mwenyewe. Mipango 111 yote inavunjika kwa sababu yake. Na hili si bahati ya namba yetu. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa moja, kwa sababu kinachozigawa zote mbili lazima kigawe pia tofauti yao, na tofauti yao ni moja. Ndivyo ilivyo kwa kondoo 99 na kondoo 100: 99 hupangika kwa 3 na kwa 11, 100 hupangika kwa 2 na kwa 5, na hawakubaliani hata mahali pamoja.

Kuichambua 61,741,121 ndiyo sehemu tuliyowapa wenzetu wa Gwata ya Kisarawe. Jioni ya kwanza walipiga simu kwamba 13 imeingia, na jibu ni 4,749,317. Siku ya pili ikaingia 41, ikabaki 115,837. Kisha kimya. Siku nne hatukusikia kitu. Ukomo wa kujaribu ulikuwa 340, maana 340 mara 340 ni 115,600, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 68. Walizipitia zote kwa mkono, chini ya mikorosho, na mmoja wao anasema kuanzia 200 na kuendelea alikuwa anagawa hadi usingizini. Hakuna iliyoingia. 115,837 ni tasa. Ujumbe uliofika ulikuwa mfupi: "13 × 41 × 115,837. Mwambieni Bibi pole na hongera."

Namba yenye vigawo vitatu tasa tofauti ina vigawo vinane tu. Kwa mtu mmoja, 112 zinakuwa 8, na kati ya hizo nane hakuna hata kimoja kilichokuwamo mwanzo, isipokuwa moja. Shufwa inakuwa witiri. 641 ya Euler inaondoka. Ukimtoa mtu badala ya kumwongeza unapata 61,741,119, na hiyo inagawanyika kwa 3, ambayo kwetu haikuwamo kabisa.

Bibi alisikiliza yote hayo akiwa anamenya mihogo. Aliuliza swali moja: "Angekuwa mtu mwingine badala ya mzee wangu, si ingekuwa vilevile?" Ndiyo, tukamwambia, ingekuwa vilevile. Yeyote. "Hata mtoto wa jana?" Hata mtoto wa jana. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na mihogo yake. Kama aliridhika, hakusema.

Ni haki tuandike pia kwamba sisi wenyewe hatukukubaliana. Mmoja wetu, aliyesoma takwimu kabla ya kuja seminari, alisema mchezo wote huu umejengwa juu ya tarakimu ya mwisho, na tarakimu ya mwisho ya sensa ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote. Hakuna sensa duniani inayompata kila mtu. Wapo waliorukwa na wapo walioandikwa mara mbili, na ndiyo maana wataalamu huwa na utaratibu wa kurudi maeneo machache kupima ubora wa hesabu. Idadi halisi ya waliolala nchini usiku ule hatutaijua kamwe. Kwa nini basi tumwambie mjane habari za 641?

Hoja yake ni nzito na hatukuishinda. Tulichoweza kumjibu ni kwamba namba iliyotangazwa haikutungwa. Ilijumlishwa. Kila moja iliyomo iliingia kwa sababu karani alifika mlangoni, akauliza, akajibiwa. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022, karibu mara mbili, na anayepanga madarasa na zahanati hawezi kuanza na "wengi". Kwa matumizi hayo, kumi wakizidi au kupungua hakuna atakayeona, hapo mwenzetu yuko sahihi, na Bibi naye alikuwa sahihi siku ile ya kwanza. Ila swali lake halikuwa la zahanati. Aliuliza kama namba ingekuwa ileile. Haingekuwa. Makosa ya makarani hayabadilishi hilo: iwe wamekosea watu elfu au hawakukosea, mmoja zaidi angeifanya namba nyingine isiyoshirikiana na ya kwanza kigawo chochote ila moja. Mwenzetu alijibu kwamba hiyo ni sifa ya namba, si ya mzee. Huenda. Tuliliacha hapo, kwa sababu ilikuwa zamu yake kupika.

Kuna namba moja ambayo mzee yumo kweli, bila "angekuwepo", nayo ni ile ya 2012. Binti yake alituomba tuichambue hiyo pia kabla hatujaondoka. 44,928,923 inagawanyika kwa 13, jibu 3,456,071. Ndiyo, 13 ileile ya wenzetu wa Kisarawe, na kijana wa bodaboda alituangalia kwa jicho la kungoja tuseme kitu. Katika kila namba kumi na tatu zinazofuatana moja inagawanyika kwa 13. Tulimwambia hivyo na yeye akasema sawa, lakini hakuonekana kuamini.

Hiyo 3,456,071 imetushinda hadi sasa. Tumejaribu namba zote tasa zilizo chini ya 100 na hakuna iliyoingia. Ukomo wake ni 1,859, na tasa ya mwisho kabla ya hapo ni 1,847. Daftari tumeliacha kwa mjukuu, ambaye yuko darasa la sita na ameshajifunza kugawa kwa njia ndefu. Ataanzia 101.